Sahani Tupu Juu ya Uzio

Kingsbury, London

Dada yangu Mwanaheri,

Assalaam aleykum. Mambo mengi huku yamesimama, ila salamu haijasimama, kwa hiyo naanza nayo. Mimi ni mzima. Kifua changu kizuri na pua yangu inanusa, na siku hizi mtu akisema pua yake inanusa amekupa habari kubwa. Je, nyinyi? Mama anaendeleaje na magoti? Shemeji mguu wake umekaa sawa tangu alipoteguka? Na wewe mwenyewe, ile dawa ya presha unaimeza au unaiangalia tu ikiwa mezani? Ungeweza kunijibu yote haya kwenye simu, lakini simu yetu ina haraka, mara bando limekwisha, mara kuna mtu anabisha hodi. Habari niliyonayo inataka karatasi. Nitaitia posta, ifike itakapofika.

Hapa bado tumefungiwa. Wenyewe wanaita lokdauni. Ile kampuni ya usafi ilitwambia tukae nyumbani mpaka watuite, maana maofisi tunayosafisha hayana watu wa kuyachafua. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii nimeijua nyumba ninayolala. Nilikuwa naondoka alfajiri na kurudi nimechoka, sijui hata jua linaingilia dirisha gani. Sasa najua. Linaingilia jikoni, linazunguka, linamalizikia bustanini.

Nilishakwambia tunakaa watatu. Mimi, na Riziki Mpemba, msusi wa nywele, ambaye saluni yao imefungwa, na Mama Beti, Mluhya wa Kakamega, anayetunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Yeye peke yake ndiye anayetoka. Wazee hawafungwi kama saluni. Anarudi jioni, anavua nguo zote pale mlangoni, anapita moja kwa moja kuoga, na sisi tunageuza uso ukutani kama watoto. Habari za kazini kwake hatuulizi. Mwanzoni tuliuliza, akasema, "Wengine wameenda," akaomba chai. Basi.

Bustani ilikuwa majani matupu. Mwenye nyumba, Mhindi mmoja anayekaa Harrow, tulimpigia simu akasema, "Limeni, lakini ukuta wangu msiuguse." Tukalima. Kwa jembe? Hapana, kwa kitu kama koleo unachokikanyaga kwa mguu kikazama. Riziki alikikanyaga mara tatu akakaa chini. "Mie nimesoma kusuka, sikusoma kuzika." Tukapanda mchicha, maboga kwa ajili ya majani yake, na Mama Beti akapanda sukuma wiki na maharage ya kutambaa kwenye uzio wa mbao. Yalipoota nilipiga picha nikakutumia, ukasema yamekonda. Yalikuwa machanga, Dada.

Ng'ambo ya uzio ule yuko Mama Kanta, na barua hii ni yake. Ni mama wa Kihindi, mjane, amenizidi miaka mingi. Miezi yote niliyokaa hapa tulikuwa tunapungiana mikono tu. Siku moja nimeinama napalilia, naimba polepole, nikasikia sauti juu ya uzio, "Hiyo mchicha wewe nafinyanga sana, haipati hewa." Nikadhani nimeota. Nikamwuliza, mama, Kiswahili umekitoa wapi? Akasema, "Mimi mtu ya Korogwe." Korogwe, Dada. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale, na yeye na kaka yake Navin walizaliwa chumba cha nyuma ya duka. Wakaondoka wakiwa vijana. Yeye akaja London, kaka akaenda kukaa Leicester, mji wa mbali kidogo na hapa. Lakini kila Jumapili wanapigiana simu na kuzungumza Kiswahili, akasema, ili watoto wao wasielewe wanachosema.

Tangu siku hiyo tukawa majirani wa kweli. Yeye hatoki kabisa kwa sababu ya umri na kifua, binti yake anamwekea vitu mlangoni halafu anampungia mkono dirishani. Na sisi hatuwezi kuingia kwake. Kwa hiyo kila kitu kikawa kinapitia juu ya uzio. Kuna nguzo moja ina kichwa bapa. Unaweka sahani, unarudi nyuma, yeye anakuja anachukua. Riziki anasema tunaonekana kama watu wanaoweka sadaka za mizimu.

Ramadhani ilipoingia, msikiti ukiwa umefungwa, mimi na Riziki tulisali taraweh sebuleni, na Mama Beti anakaa kwenye ngazi amenyamaza mpaka tumalize, kisha anauliza, "Mungu amesema tule?" Na kila jioni nilipeleka sahani kwa Mama Kanta. Nyama na yai hali, kwa hiyo nilimpikia vya namna yake, mihogo ya nazi, maharage, kaimati. Na unajua Mama alivyotulea, sahani ya jirani hairudi tupu, ukikosa kabisa unaweka hata ndimu mbili. Kumbe na wao ni hivyo hivyo. Sahani yangu ilirudi na kachori za njegere, ikarudi na chevda, ule mchanganyiko wao mkavu wa dengu na njugu, ikarudi na chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, chungu kidogo, ukiila moja utaila na ya pili. Hata siku aliyokuwa amechoka aliweka sukari kidogo katikati imefunikwa kitambaa. Mama Beti akawa anarudi kazini swali lake la kwanza ni, "Sahani imesemaje leo?"

Siku ya Idd nilipika vitumbua na tambi. Nilipanga sahani ile kubwa ya maua, nikaitia na zabibu juu. Nikaiweka kwenye nguzo, nikamwita, hakutoka, nikaona pazia linatikisika nikajua amesikia. Jioni haikuwepo.

Kesho yake asubuhi nikakuta sahani imerudi. Tupu. Imeoshwa, imefutwa, kitambaa kimekunjwa pembe nne juu yake. Nikainua kitambaa nikaangalia chini. Nikageuza sahani nikaangalia mgongoni.

Nikaiingiza ndani nikaiweka mezani, tukaizunguka.

"Labda amesahau," nikasema.

"Mtu anasahau kuosha," Mama Beti akasema. "Hii imeoshwa mpaka inalia. Huyu ametuambia kitu."

"Ametwambia nini?"

"Ametuambia imetosha. Nyinyi pikieni wenzenu. Kwetu hata mtu akikuchukia anakurudishia na kitunguu."

Riziki akasema, "Jamani, isije ikawa yai. Saumu, ulitia yai?"

Nikaapa sikutia. Unga wa mchele, hamira, nazi, iliki, sukari. Wakanifanya nitaje mara ya pili, kama niko mahakamani. Riziki akasema basi yeye kadhani mna yai, na kama kadhani tumemlisha yai siku ya sikukuu basi tumemtia haramu ya dini yake, hapo hatusameheki. Nikasema niende nikamwulize. Mama Beti akanishika mkono. "Usiende kuomba msamaha wa kosa hulijui. Atakudharau zaidi. Ngoja aseme mwenyewe."

Sikwenda. Nikajiambia ni adabu kungoja. Siku zile nilimwona kwa mbali, anatoka kuanika nguo nyeupe, anaingia. Hakuangalia upande wetu. Kesho yake nyeupe tena. Mimi nilichokiona ni mtu anafua sana. Na siku Mama Beti alipokuwa na mapumziko, alitoka akang'oa ile miti ya maharage kwenye uzio wa Mama Kanta, moja moja, akaenda kuisimika upande wa pili, kwenye uzio wa jirani yetu mwingine, mzee mmoja Mwingereza. Maharage nusu yalikatika. Nikamwambia unayaua. Akasema, "Yatazoea. Mimi pia nimezoea." Basi uzio ukabaki wazi, na kupitia nafasi za mbao tuliweza kuona nyanya za yule mama zimesinyaa kwenye vyungu, hazinyweshwi. Tukaona na hilo, tukaingia ndani.

Aliyetufungua macho ni mwenye duka. Riziki alikwenda kununua unga kwenye duka moja la Wahindi barabarani, la mtu wa Kisumu. Siku hizi unapanga foleni nje, mtu na mtu mbalimbali, unapigiwa kelele orodha yako mlangoni. Zamu yake ilipofika yule baba akamwuliza, kwa Kiswahili na kwa sauti, watu wote wanasikia, "Nyinyi si jirani ya Kantaben? Mama anaendeleaje na ule msiba?"

Riziki akasema, "Msiba gani?"

Yule baba akasema, "Kaka yake, Navin. Amefariki hospitali kule Leicester, usiku wa kuamkia Idd yenu."

Riziki akaona aseme kitu, akasema, "Sisi tulipeleka sahani, akairudisha tupu." Yule baba akamwangalia kama mtu anayemwonea huruma. "Sasa aweke nini? Nyumba yenye kifo haitoi chakula kwa mtu, mpaka siku zake ziishe. Jiko lake sasa si safi. Vijana hawafuati tena, lakini yeye mtu wa zamani. Angeweka hata sukari, angewapa nyinyi msiba wake mle. Na siku yenu ya furaha." Kisha akamwuliza unga kilo ngapi.

Riziki alirudi bila unga. Alitusimulia amesimama mlangoni, barakoa bado iko usoni. Mama Beti ndiyo kwanza ametoka kazini, nywele zinatona maji. Mimi nilikuwa nafikiria jambo moja tu. Tanga nzima, na Kakamega, na Pemba, mtu akifiwa jirani ndiye anayewasha moto. Nyumba ya msiba haipiki, inapikiwa. Hatukuhitaji Mhindi wa kutufundisha hilo. Na sisi watatu, wapishi, tulikuwa ukuta kwa ukuta na msiba, tumenuna na sufuria zetu kwa sababu ya sahani safi.

Mama Beti akasema, "Anakula nini huyo mama?"

Tukapika mseto wa choroko, mlaini, bila kitunguu, maana Riziki alirudi tena dukani kuuliza na akaambiwa kitunguu asile. Nilipotaka kupakua kwenye sahani Mama Beti akanizuia. "Usimpe kitu cha kurudisha." Tukautia kwenye kopo la aiskrimu.

Tukatoka wote watatu tukasimama kwenye uzio. Nikaita, "Hodi, Mama Kanta." Nikaita tena. Mlango ukafunguka akatoka amevaa nyeupe, kumbe ndiyo nguo ya msiba kwao, nywele hazijachanwa, na nikaona amepungua. Akasimama mbali, katikati ya bustani yake, akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nafikiri nyinyi mmehama," akasema. "Maharage nahama, watu nahama."

Mama Beti akaangalia chini. Akasema, "Mama, mimi ndio nilihamisha. Nilidhani umetuonyesha madharau."

"Wewe kichwa ngumu."

"Ndiyo, mama."

"Maharage namna hiyo itakufa."

"Imeshakufa nusu, mama."

Akatikisa kichwa, sijui kwa maharage au kwa yote. Nikampa pole, na Riziki akampa pole, nikaweka kopo juu ya nguzo, nikamwambia hili usirudishe, ni la kutupa. Hapo akasogea. Hakulichukua. Aliweka mkono juu ya kifuniko, akaona bado moto, akauacha mkono pale pale huku anatueleza.

Hakumwona kaka yake. Hakuna aliyeruhusiwa. Mazishi yao, unajua wao wanachoma, aliyaona kwenye simu ya binti yake, ameisimamisha kwenye kopo la unga wa dengu jikoni. Kulikuwa na watu wachache wamekaa mbalimbali. Jeneza likaanza kusogea, picha ikakwama. Akaigonga simu, akaitikisa. Picha ilipofunguka watu walikuwa wanatoka nje. "Mimi sijui imeingia saa ngapi," akasema. "Ndugu yangu imeingia, mimi nagonga simu."

Upande wa pili yule mzee Mwingereza alikuwa anakata majani na mashine yake, inanguruma.

Kisha akasema jambo ambalo nimekuandikia barua nzima hii ili nilifikie. Akasema, "Saumu, Korogwe mtu nakufa, wamama nalia, mpaka duka ya baba yangu nasikia. Mimi na Navin watoto, tunaogopa, tunaingia chini ya meza ya vitambaa. Sasa mimi nataka hiyo sauti. Hapa hakuna mtu amelia ndugu yangu. Wote wametuma meseji. Mimi mwenyewe nataka kulia, haitoki. Nyinyi lieni kidogo. Mimi nitasikia."

Dada, sikujua la kufanya. Unakumbuka tulivyofundishwa na Mwalimu kwenye chuo cha Kurani, macho yana ruhusa ya kutoa machozi na moyo una ruhusa ya kuhuzunika, lakini sauti hapana, na kujipiga hapana, na kutaja sifa za maiti kwa mayowe hapana. Nimeishika hiyo maisha yangu yote. Alipokufa baba niliishika, na wewe unajua ilivyonigharimu. Na huyu si mtu wa dini yangu, na marehemu simjui. Nikamwangalia Riziki, naye akaniangalia mimi, mkubwa wake, anangoja nitoe hukumu.

Mama Beti hakungoja. Alifuta mikono kwenye kanga. "Jina lake nani, mama?"

"Navin."

"Wa baba nani?"

"Jayantilal."

Akashika mbao za uzio kwa mikono miwili akainua uso, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake siku hata moja. Sauti ndefu, inapanda, inavunjika, inaanza tena. Akamwita. Navin, mtoto wa Jayantilal. Umeenda bila kumuaga Kanta. Umemwacha Kanta Jumapili aongee na nani. Sasa siri zenu atamwambia nani, Navin. Akachanganya na Kiluhya, akataja na majina mengine, ya kizungu, ya wanaume na wanawake, sijui ni kina nani, lakini nilijua. Wale wa kazini kwake, wale "walioenda." Alikuwa amewabeba wote na hajawatua.

Ile mashine ikazimika. Yule mzee akaja mpaka kwenye uzio wa upande wake, macho yamemtoka, akauliza kuna nini, apige simu kuita msaada? Riziki akaenda akamweleza kwa Kiingereza, kaka wa mama huyu amefariki. Akavua kofia. Nilidhani atarudi ndani. Alisimama pale pale na kofia kifuani, katikati ya maharage yetu yaliyonyauka.

Na mimi nilikuwa nalia, kimya kimya, kama tulivyofundishwa. Sikupaza sauti. Lakini nilikuwa nimekaza mikono kwenye mbao zile mpaka nikajichoma kibanzi, na sikukisikia mpaka jioni. Halafu nikasikia sauti nyingine chini ya ile ya Mama Beti. Ndogo, imekauka, inakwaruza. Mama Kanta amefungua mdomo. Ikatoka kidogo, ikakatika, ikatoka tena, na ya tatu ikatoka nzima. Akainamia lile kopo la mseto akalia mpaka mabega yakatikisika, na Mama Beti akapunguza sauti yake taratibu, akamwachia mwenyewe.

Nikajikuta nimesema alhamdulillahi. Imenitoka. Mtu analia mbele yangu na mimi nasema alhamdulillahi.

Hili nakuomba usimwulize Mwalimu kwa niaba yangu. Najua ukikutana naye ulimi utakuwasha. Mwache. Nataka kumwuliza mwenyewe nikiwa nimekaa mbele yake ananiona uso. Sitamwuliza juu ya Mama Beti, yeye ana dini yake na Mola wake. Nitamwuliza juu yangu mimi, nilikaa kimya wakati mwenzangu ameniomba sauti, na nikashukuru wakati wengine wanalia. Akiniambia nimekosea pote pawili nitatubu pote pawili. Ila nikikwambia wewe kweli, kama dada yangu, neno lile halijaniacha na uzito. Ukimya ndio unaonilemea.

Mama Kanta anakula sasa. Binti yake amekuja akakaa naye, wamemruhusu. Mama Beti kesho yake aliamka akaenda kazini kama kawaida.

Nisalimie Mama, mwambie namwombea kila sala na asiende kisimani mwenyewe. Nisalimie Shemeji, mumeo, na mguu wake. Nisalimie wifi yetu Bi Tatu, mke wa kaka, najua ananidai maneno, tutazungumza. Mjomba Sefu, mlezi wetu, mpe mkono wangu. Shangazi wa Pangani akija, msomee barua hii, lakini ukifika kwenye kilio soma polepole, sikio lake moja halisikii, na hapo nataka asikie.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuomba dua,

Saumu